UZI: Kima wa Gede anajua saa ya chakula cha mchana kuliko mimi. Tuzungumze wanyama wa porini na vyakula vyetu

#1 Jirani_wa_Magofu
Asalaam aleikum wanajamvi. Nakaa Gede, huku Malindi pwani ya Kenya, karibu na magofu ya mji wa kale. Kima tumekua nao, si wageni kwetu. Wazee wanasema zamani walikuwa wanakula matunda ya mkuyu, majani machanga na wadudu, na mtu akisogea wanapanda juu kabisa. Kima wa leo hamtazami mgeni usoni, anamtazama mkononi. Mgeni mwenye kamera peke yake hapotezewi muda. Mwenye mfuko wa karatasi, hata kama ndani mna ramani tu, atafuatwa mpaka getini.

Shambani ni mambo yale yale. Mahindi yangu hayaguswi asubuhi tukiwa tunapalilia. Tukishaingia ndani kula, dakika si nyingi unasikia mabua yanavunjika. Na hawachukui ovyo: mhindi mchanga wanauacha, wanataka uliokwisha kuwa na maziwa.

Maswali yangu ni mawili. Je, ni wao waliobadilika, au ni sisi tuliowabadilisha? Na je, tukiwanyima watarudi kwenye majani yao? Nataka wanaoona kwa macho na wanaosoma vitabu, wote. Mwenye kutaka kusema ni majini afungue uzi wake.

#2 TukTuk_ya_Casuarina
Nilimbeba mama mmoja na mfuko wa mahamri ya moto. Nimesimama Gede kuongeza abiria, kima kaingia upande wa kulia, katoka upande wa kushoto. Mama akanidai mimi hela za mahamri. Hilo ndilo jibu langu, sina sayansi.

#3 Maalim_Viumbe
Waaleikum salaam Jirani. Nafundisha baiolojia hapa Malindi, na hili somo nalipenda, kwa hiyo mnivumilie kwa urefu.

Anza na mdomo. Kima, tumbili na nyani wote wana vifuko ndani ya mashavu. Anajaza, anakimbia, anatafuna baadaye juu ya mti akiwa salama. Kwa kuvamia jikoni hakuna kifaa kinachoshinda hicho. Mbega wa kule Diani hana vifuko hivyo, na tumbo lake limegawanyika vyumba, vijidudu vinachachusha majani humo ndani. Akijaza mkate na ndizi mbivu, uchachu unaharibika na tumbo linamsumbua. Ndiyo maana watu wa Diani wanalalamikia tumbili na nyani mezani, si mbega.

Halafu kuna hesabu ya muda. Jani lina nishati kidogo, na kila jani ni kutafuta, kuchuma na kutafuna. Andazi moja lina sukari, unga na mafuta, limeshapikwa, liko mahali pamoja. Mnyama hahitaji kujua hesabu ili aone kwamba nusu saa kando ya jalala inamshibisha kuliko asubuhi nzima mtini. Kinachomzuia ni hofu tu. Na hofu tumeiondoa sisi wenyewe tulipoanza kumpa ndizi mkononi ili tumpige picha.

Kenya tuna ushahidi mzuri wa jambo hili. Nyani wa Amboseli wamefuatiliwa tangu 1971 na Jeanne Altmann, Stuart Altmann na wenzao. Kundi moja lilizoea jalala la hoteli ya watalii. Walipopimwa, majike wa jalalani walikuwa na mafuta karibu asilimia 23 ya uzito wa mwili. Majike waliojitafutia porini, karibu asilimia 2. Nyani wa jalalani walipumzika zaidi, wakatembea kidogo, na vipimo vya damu vikaonyesha insulini na kolesteroli kupanda kwa baadhi yao. Mnayaona hayo yanafanana na nani.

#4 Mkulima_wa_Sabaki
Maalim, yanafanana na mheshimiwa wetu, lakini nisimtaje.

#5 Kiamu_Asili
Mimi niko Amu, yaani Lamu, mtaa wa Langoni. Huku kima si shida yetu, shida ni kunguru, hao mnaowaita kurabu. Nitawaambia niliyoyaona kwa mato yangu.

Siku za kawaida wanatua yuu ya mapaa ya soko kando ya ngome wakati ule wachinjaji na wauza samaki wanapofungua, si kabla. Mtana wanahamia ufukweni mashua zikirudi, maana samaki wanapaliwa pale pale na matumbo yanatupwa majini. Alasiri utawakuta nyuma ya mikahawa. Ratiba kamili.

Ramadhani ikiingia, muyi mzima unalala mtana, mikahawa imefungwa, na chakuya kinatoka magharibi, wakati ndege anakwenda kulala. Basi hufa njaa? Hata. Makombo ya daku yanatupwa nje kabla ya alfajiri, na kunguru kunapopambazuka wako vichochoroni wanapasua mifuko kabla wafagizi hawajafika. Mtana wanatulia kimya mikungumani, nao kama wamefunga. Baada ya Idi wanarudi sokoni siku ile ile soko linaporudi. Mimi hili huniajabisha kila mwaka.

#6 Binti_Gongoni
Amu mna na punda wanaokula maboksi ya karatasi. Hao mbona hamuwasemi?

#7 Kiamu_Asili
Punda ana mwenyewe, dada. Uzi ni wa wanyama wa porini. Ila ni kweli, punda wetu hula karatasi na wakati mwingine plastiki, na hospitali ya punda iliyoko hapa tangu 1987 ina kazi nyingi. Tusiwatie kwenye kesi hii.

#8 Maalim_Viumbe
Kiamu, umenikumbusha utafiti mzuri sana, tena wa mfungo na punda kwa pamoja.

Kaskazini mwa Ethiopia, sehemu za Mekelle, fisi wanaishi karibu sana na watu na wanategemea mabaki ya machinjio na majumbani. Wakristo wa Kiorthodoksi huko wakifunga Kwaresima yao ya siku 55 hawali nyama wala maziwa. Mabucha yanapungukiwa na kazi, mifupa inaadimika. Gidey Yirga na wenzake walichunguza vinyesi vya fisi kabla, wakati na baada ya mfungo, wakiangalia nywele za wanyama walioliwa. Wakati wa mfungo nywele za punda zilikuwa zaidi ya maradufu. Fisi waliacha kusubiri mabaki wakaingia kuwinda punda. Mfungo ulipokwisha, punda wakapungua tena kwenye vinyesi.

Jirani, hapo lipo nusu ya jibu la swali lako la pili. Fisi hakusahau kuwinda kwa sababu ya kula mifupa ya bucha. Aliweka ujuzi akiba.

#9 Mkulima_wa_Sabaki
Mnazungumza vizuri nyinyi mliolala. Sisi wa kando ya mto Sabaki tunakesha.

Kiboko hutoka majini giza likiingia. Kazi yake ni majani, anakula kama kilo 40 kwa usiku, anatembea kilomita kadhaa. Sasa kingo zote za mto tumelima, majani yake yamekuwa mahindi yangu na kunde za jirani. Anapita pale pale babu yake alipopita, tofauti ni kwamba njiani pana shamba langu. Mnamwita mharibifu. Mimi pia namwita hivyo saa nane za usiku nikiwa na tochi, sikatai, lakini asubuhi nikitazama nyayo naona njia ile ilikuwa yake.

Wenzetu wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wana ndovu. Uzio wa umeme umesaidia, lakini ndovu ni mjuzi. Pembe haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo akishagundua anausukuma waya kwa pembe au anaangusha mti juu yake. Halafu anaingia wakati muhindi umekomaa. Hajawahi kuja kwangu kula shina la mwezi mmoja.

Swali kwa Maalim: mbona wote wamehamia usiku? Babu yangu alikuwa akiona viboko nje mchana.

#10 Maalim_Viumbe
Kwa sababu yako, mzee wangu. Mwaka 2018 Kaitlyn Gaynor na wenzake walikusanya tafiti za aina 62 za mamalia kutoka mabara sita. Mnyama aliyezoea kugawa shughuli zake nusu mchana nusu usiku, akikaa karibu na watu, sehemu ya usiku ilifika kama asilimia 68. Na hakuhitaji kupigwa risasi. Kupita kwa watu tu kulitosha. Kubadili saa ya kula ni rahisi kuliko kubadili chakula chenyewe, kwa hiyo wengi huanzia hapo. Kima hawezi, macho yake ni ya mchana, ndiyo maana anavizia saa yenu ya kula.

Kuhusu ndovu, kule Sagalla karibu na Voi wanazungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Lucy King ndiye aliyeuanzisha mpango huo na wakulima, na mkulima anavuna asali juu yake. Kwa kiboko sijaona mtu aliyefaulu kwa nyuki.

#11 Nahodha_Mstaafu
Nimeendesha mashua ya kioo chini kwenye hifadhi ya bahari ya Malindi kwa miaka. Hifadhi hiyo na ya Watamu zilitangazwa 1968, mimi mdogo. Vijana wanasahau kwamba samaki naye ni mnyama wa porini.

Zamani tulikuwa tunamwaga mkate ili wageni wafurahi. Wale wadogo wenye milia wakajua sauti ya injini. Ukizima tu, wameshafika, wanang'ata mpaka vidole vya mwogeleaji. Pono hakuja. Pono anakwangua matumbawe yake, mkate haumhusu. Kwa hiyo mgeni alikwenda kwao akidhani bahari ya Malindi ina samaki wa aina tatu. Hilo ndilo lililonikera mimi, kuliko mkate wenyewe.

Na kasa je? Kuna wanaokula konyeza, yule kiumbe laini wa baharini. Mfuko wa plastiki ukielea majini unafanana naye kabisa. Hapo hakuna kuzoea wala ujanja, ni kudanganyika tu, na anakufa tumbo limejaa. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 wengi mlinung'unika sokoni. Mimi sikununung'unika. Kule Watamu wanaookoa kasa wanajua wanayoyatoa matumboni mwao.

#12 TukTuk_ya_Casuarina
Nahodha, "sikununung'unika" umeiandika kwa pumzi moja? 😂

#13 Bi_Mapishi
Masalkheri. Mimi ni mpishi, nimepika jikoni kwa watu na mahotelini, la hivi sasa silitaji. Nitasema ya kurabu kwa upande wa jikoni.

Kurabu haangalii chakula, anaangalia mtu. Mimi nikitoka na sufuria wanashuka, wanajua namwaga ukoko. Mlinzi akitoka na fimbo wanaruka kabla hajanyanyua mkono. Siku mlinzi alipobeba sufuria walibaki juu ya ukuta wanamtazama, hawakumwamini. Pipa la mfuniko mwepesi wanalifungua wawili wawili. Mwanzo tuliweka jiwe juu, likasaidia, lakini kijana wa usiku anachoka kuliinua, asubuhi pipa liko wazi. Wakubwa wanasema kurabu ni shida ya kaunti. Mimi nasema shida ni mfuniko wa shilingi mia chache.

#14 Risasi_Moja
Mnazunguka tu. Kurabu hawezi kufundishwa, ni wa kuondolewa. Anakula mayai ya ndege wadogo kama chozi na mnana, anakula vifaranga vyangu, anadonoa macho ya mbuzi aliyezaa. KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ilitangaza Juni 2024 kwamba inataka kuondoa milioni moja. Waachwe wafanye kazi. Hizi huruma zenu hazijawahi kulea kifaranga.

#15 Maalim_Viumbe
Kaka Risasi, kuhusu vifaranga na ndege wetu una haki, na sina huruma na kurabu hata kidogo. Si wa hapa. Waliletwa Unguja miaka ya 1890, na kazi waliyoletewa ilikuwa kula taka. Mombasa wakaonekana 1947, kisha wakapanda pwani kila penye mji. Hawakai msitu wa ndani wa Arabuko-Sokoke. Wanakaa tulipo, kwa sababu wanakula tunachotupa.

Sumu iliyotumika kwao inaua polepole, anafia mbali saa nyingi baadaye, ili wenzake wasiunganishe kifo na chambo. Imefanya kazi ilipotumiwa mfululizo. Ilipoachwa, idadi ikarudi, kwa sababu meza ilikuwa bado imetandikwa. Ua milioni na uache jalala wazi, waliobaki wanalea vifaranga kwa shibe.

#16 Risasi_Moja
Basi tufanye yote mawili. Sumu na mfuniko. Lakini ukinipa moja nichague, nachagua sumu.

#17 Bi_Mapishi
Na mimi nachagua mfuniko, maana sumu sinunui mimi.

#18 Mie_wa_Jozani
Naingilia kutoka Unguja, mniwie radhi. Maalim kasema huko juu mbega hawezi vyakula vya watu kwa sababu ya tumbo. Sisi tuna kima punju, naye ni wa jamaa hiyo hiyo, tumbo la vyumba, mashavu hayana vifuko. Lakini kazoea watu kwa njia yake: anakula mkaa.

Si utani. Wale wanaokaa mashambani pembeni ya msitu wa Jozani wanakula majani machanga ya mwembe na mkungu, miti tuliyoipanda sisi. Yana protini nyingi, ila yana ukali wa fenoli unaovuruga tumbo. Punju anakwenda kwenye tanuri la mkaa au kisiki kilichoungua, anachukua kipande, anakitafuna. Mkaa unanyonya ule ukali. Thomas Struhsaker na wenzake waliliandika hilo 1997. Watoto wanaonekana kujifunza wakiwa na mama zao, wakitazama anachookota. Wachoma mkaa wetu walikuwa wakilijua kabla, walikuwa wanawafukuza kwenye magunia.

#19 Maalim_Viumbe
Hilo limenipendeza kuliko langu lote. Yaani asiyeweza kula mkate wetu kala miti yetu, akachukua na dawa yake kwenye tanuri letu. Ahsante ndugu wa Unguja.

Na hapo kwenye mama na mtoto ndipo ninapotaka Jirani aangalie. Kima jike wanabaki kwenye kundi walilozaliwa, madume ndio wanaohama. Kwa hiyo ujuzi wa getini unabaki pale pale, kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Mgeni anayetoa ndizi leo anafundisha vizazi.

#20 Jirani_wa_Magofu
Nimesoma yote, ahsanteni. Ila Maalim bado unanizungusha. Fisi wa Mekelle walirudi kwenye mabaki, sawa, hawakusahau kuwinda, sawa. Kima wangu wakinyimwa ndizi getini wataingia msituni au wataingia kwangu? Maana msitu wa magofu ni mdogo, na kuzunguka pote ni mashamba. Tangu Gede ilipoingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024 tunatarajia wageni kuongezeka, na ndizi zitaongezeka.

#21 Maalim_Viumbe
Mwanzoni wataingia kwako, sitakudanganya. Mnyama aliyezoea kupewa, akinyimwa, anaongeza ukorofi kwanza kabla ya kuacha. Wiki za mwanzo ndizo mbaya, na hapo ndipo watu wengi huvunjika moyo wakaanza kutoa tena, na kutoa mara moja moja ni kubaya kuliko kutoa kila siku, maana kunamfundisha asikate tamaa. Kama ni kuwanyima, getini na mashambani kuanzwe siku ile ile, wakati msituni kuna matunda, si wakati wa kiangazi.

Na kuna sababu nyingine ya kuwanyima. Miaka ya 1980 kule Maasai Mara, nyani aliokuwa akiwafuatilia Robert Sapolsky waliambukizwa kifua kikuu kutokana na nyama mbovu ya jalala la hoteli moja ya watalii. Nyani wa kundi la jalalani karibu wote walikufa. Kundi la jirani lilikuwa likituma madume wakali kwenda kupora pale, nao wakafa, wakabaki majike na madume wapole. Kundi likawa na amani kwa miaka, lakini hiyo si njia ya kutafutia amani. Magonjwa yetu na yao yanapita pande zote mbili. Ndizi uliyong'ata ukampa kima, umempa na mate yako.

#22 Mkulima_wa_Sabaki
Jirani, mimi nilichofanya kwa tumbili: mahindi niliyatoa ukingoni mwa shamba, ukingoni nikapanda pilipili na ufuta. Katikati ndiyo mahindi. Tumbili hapendi kuvuka uwazi mrefu akiwa mbali na mti. Na tunakula kwa zamu, watatu wanaingia, wawili wanabaki nje. Wakikosa ile saa yao siku nyingi, wanapunguza kuja. Hawaachi, wanapunguza.

#23 Jirani_wa_Magofu
Kula kwa zamu nitaanza kesho, mke wangu atalalamika chakula kinapoa. Pilipili nitajaribu mvua za vuli. Habari ya ndizi getini nitaipeleka kwenye baraza la mtaa, wauza ndizi ni majirani zetu, lazima wapate kitu kingine cha kuuza.

#24 TukTuk_ya_Casuarina
Wauze madafu. Dafu kima haliwezi.

#25 Jirani_wa_Magofu
Usimpe wazo.

#26 Binti_Gongoni
Kabla hamjafunga: popo wanamaliza maembe yangu, wanang'ata moja kidogo wanaliacha wanakwenda jingine. Naweka neti?

#27 Mkulima_wa_Sabaki
Neti wananasa, wanafia humo, na wewe unawahitaji, ndio wanaochavusha mibuyu usiku. Popo anafuata harufu ya embe lililoiva. Chuma yakishakomaa, kabla hayajalainika, uyavundike ndani. Ya juu kabisa usiyoyafikia waachie.

#28 Binti_Gongoni
Ya juu ndiyo mengi.